Aliyecheka Ngazini

Joho lilifika dukani Jumanne, saa nane mchana, likiwa limefungwa ndani ya shuka la kijani, na lilikuwa na joto.

Fundi miwani alilipokea kutoka kwa dereva aliyetumwa na shangazi yake, akaliweka juu ya meza ya kioo, katikati ya fremu na bisibisi ndogondogo. Kwanza alidhani ni jua la njiani. Lakini shuka lenyewe lilikuwa baridi. Alipolifungua na kutia mkono ndani ndipo alipolikuta joto: kwenye ukosi, kwapani na mgongoni, mahali pale pale ambapo nguo hupata joto la mwenye kuivaa. Na joho lile lilikuwa limekaa miaka ishirini kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda cha shangazi.

"Shangazi alilipiga pasi?" alimuuliza dereva.

"Pasi gani? Hata kuligusa hakutaka. Mimi ndiye niliyelitoa sandukuni, yeye kasimama nje ya mlango. Akaniambia nikuulize, mama yako anajua?"

Fundi akacheka. "Mwambie anajua."

Mama hakuwa anajua.

Baba yake fundi alikuwa mwigizaji, tena si wa kubahatisha. Enzi zake, wanaume wazima wenye ndevu zao walitoka ukumbini wameshikana mikono kama watoto wa chekechea. Alicheza picha kumi na moja, na katika zote kumi na moja alikuwa jini. Watu wakalisahau jina lake wakamwita Jini; barua zikafika nyumbani kwa jina hilo, mkewe akawa Mke wa Jini, na mwanawe wa pekee akawa Mtoto wa Jini tangu siku ya kwanza shuleni, pale mwalimu alipomuuliza mbele ya darasa zima kama kwao huwa wanakula chakula au wanakula watu.

Aliyazoea. Hata sasa, akiwa na miaka arobaini na minane na duka lake mwenyewe, wateja waliokuja kupimwa macho hawakuacha kumtania. "Fundi, nikivaa hii nitamwona mzee?" Naye alikuwa na jibu lake la siku zote: "Ukimwona mwambie anisalimie, maana alipokuwa hai hakunisalimia." Wakacheka. Hawakujua kwamba hapo hakukuwa na utani.

Baada ya picha ya kumi na moja, jina likiwa juu kabisa, mzee aliacha kazi ghafla. Alirudi nyumbani jioni moja, akaingia chumba cha nyuma, akageuza kiti kikatazama ukuta, akakaa. Mwanawe alikuwa na miaka tisa. Kwa miaka kumi na tisa iliyofuata, mpaka siku ya kufa kwake, mzee alikula peke yake, akasema maneno ya kuhesabika, na kila mwanawe alipoingia alimpa kisogo. Siku kijana alipoleta barua ya kukubaliwa chuoni, baba alinyoosha mkono nyuma, bila kugeuka, akampa kalamu. Basi. Hizo ndizo zilikuwa pongezi zote.

Kwa hiyo meneja wa ukumbi wa sinema alipomfuata dukani, fundi alisikia kitu kikimfunguka kifuani. Ukumbi ule wa zamani ulikuwa umekarabatiwa na ungefunguliwa Jumamosi, na picha ya kwanza kuonyeshwa ingekuwa ya tatu katika zile kumi na moja, ile ambayo watu waliiita picha ya ngazi. Ndani yake jini hushuka ngazi za nyumba kubwa mchana kweupe, taratibu, anasimama katikati, anawageukia watazamaji, halafu anacheka. Kicheko hicho ndicho kilichompa mzee umaarufu wake. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe, alipoacha kazi, ndiyo picha pekee aliyoizuia isionyeshwe tena popote. Watu walisema ni maringo.

"Tumepata nakala yake stoo," meneja alisema, macho yakimwaka. "Tunataka na chumba cha kumbukumbu. Vitu vyake. Joho, fimbo, pete. Nawe uvae upigwe picha ya tangazo, siku yenyewe upande jukwaani. Nani mwingine amheshimu baba yako kama si wewe?"

Fundi alikubali kabla meneja hajamaliza. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumkaribisha amsogelee baba yake.

Fimbo aliipata kwa urahisi kwa watoto wa mpiga picha wa zamani, waliokuwa wakiitumia kuzuia mlango. Pete ilikuwa kwa Mama.

Alimkuta jikoni anachambua maharage. Mama alikuwa na miaka sabini na tisa, masikio mazima, ulimi mzima zaidi.

"Pete sina."

"Mama, niliiona kwenye kopo la vifungo."

"Basi uliona kifungo."

"Ni ya kuweka kwenye kabati la kioo tu. Watu waione, wamkumbuke."

Mama aliacha maharage. "Wamkumbuke nani? Yule wa kwenye picha? Baba yako alikuwa anaogopa mende. Alikuwa akipanda juu ya kitanda ananiita, mimi nije na kandambili. Huyo kuna anayetaka kumkumbuka?" Akashusha sauti. "Kabla hajafa alinishika mkono, akasema vile vitu nivitenganishe. Kila kimoja nyumba yake, visilale pamoja. Nikavitenganisha. Sikuuliza, maana nilimwona alivyokuwa anatetemeka. Na wewe usiulize."

"Alikuwa mgonjwa, Mama. Homa ile."

"Mwanangu, niache na maharage yangu."

Alipokwenda uani kumwaga makapi, fundi alifungua kopo la vifungo. Alijisikia vibaya kwa muda wa kutoka jikoni hadi getini, halafu akajiambia kwamba Mama ataona fahari mwenyewe siku ya Jumamosi.

*

Jumatano asubuhi, studio, alivaa. Baba yake alimzidi kimo kwa kichwa kizima, lakini joho lilimkaa kama limekatwa kwa vipimo vyake. Pete, ambayo jana ilikuwa ikimpwaya, ilibana. Alishika fimbo, akasimama mbele ya pazia jeusi.

"Sasa cheka kama mzee," alisema mpiga picha.

"Mimi siwezi kile kicheko."

"Jaribu tu, uso uchangamke."

Fundi alifungua mdomo akidhani atatoa kitu cha kuchekesha. Kilichotoka kilianzia chini, kama kuna mtu chini ya sakafu anapanda, kikapita magotini, tumboni, kooni, kikajaza chumba, na fundi alipofumba mdomo kilibaki kidogo. Mpiga picha alipiga makofi mawili, la tatu likamshinda. Chumba kilikuwa kinanuka nywele zilizoungua, na chini ya harufu hiyo nyingine nzito, ya gundi ya kubandikia ndevu za bandia.

"Umejifunzia wapi?" mpiga picha aliuliza, akirudi nyuma kuelekea mlangoni.

"Damu," fundi alijibu, akashangaa kwamba amejibu.

Mchana huohuo alirudi kazini. Mteja wake wa kwanza alikuwa mshonaji, mama mtu mzima aliyemfahamu kwa miaka. Alimketisha, akamwekea kipimo, akasogea kumwangalia ndani ya macho kama alivyofanya kwa maelfu ya watu. Mama yule alikuwa akisimulia habari za cherehani yake, mara akanyamaza. Alinyanyuka taratibu, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga, na fundi alipomfuata hadi kibarazani akamwona anakimbia, kiatu kimoja mkononi.

Nyumbani bintiye wa miaka tisa, aliyekuwa akifanya hesabu mezani, alimtazama kwa muda mrefu.

"Baba, mbona hupepesi macho?"

"Nimechoka tu, mama."

"Nimehesabu. Nimefika mia nne na kumi."

Mkewe, mwalimu wa hesabu, mtu asiyeamini kitu ambacho hakikuonyeshwa njia yake ubaoni, alimwambia mtoto aache utani. Lakini siku iliyofuata, adhuhuri, aliporudi kutoka shule kuchukua madaftari, alimsikia mumewe bafuni akiongea na mtu, akamsikia huyo mtu akijibu kwa sauti ya chini yenye mkwaruzo, na wote wawili wakacheka pamoja, kicheko kimoja chenye vinywa viwili. Alisukuma mlango. Mumewe alikuwa peke yake mbele ya kioo, joho mabegani, ingawa lililala limetundikwa dukani. Uso wa mumewe ulikuwa umemgeukia yeye. Kile kilichokuwa kwenye kioo hakikugeuka.

"Nimefikaje hapa?" mumewe aliuliza, na hiyo ilikuwa sauti yake halisi, ndogo, ya mtu aliyeamshwa. "Mwenzangu, nilikuwa dukani. Nilikuwa dukani sasa hivi."

Mkewe alimvua joho kwa mikono miwili, akashindwa kuvua pete. Ilikuwa imezama kwenye nyama. Akamkalisha kwenye kiti, akampa maji, akamshika mikono, na akaona kwamba kweli, mtoto alihesabu sawa.

*

Ijumaa alasiri meneja aliwaita kuangalia mkanda kabla ya wageni. Mkewe alikataa aende peke yake, wakaenda wote. Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vipya bado vina nailoni. Taa zilizimwa, mkanda ukaanza kulia, na hapo fundi akaiona kwa mara ya kwanza tangu utoto wake ile nyumba kubwa ya kwenye picha, sakafu ya marumaru, dirisha linaloingiza jua, na ngazi.

Waigizaji wengine wakaingia, mume na mke wa kwenye picha, wakasimama chini ya ngazi. Muziki ukakata. Mwanamke akainua macho, mdomo ukamfunguka, akapiga ukelele ule uliokuwa maarufu enzi zile, na mume akarudi nyuma akijikinga uso kwa mkono, na wote wawili wakawa wanatazama juu, macho yao yakimfuata mtu anayeshuka, hatua kwa hatua, ngazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ngazini hakukuwa na mtu. Zulia tu. Jua la dirishani tu. Kamera ikasogea polepole hadi katikati ya ngazi, pale uso ulipotakiwa kuwa, ikakaa hapo, ikitazama ukuta mtupu, na wakati wa kicheko ulipofika, vipaza sauti vilikuwa kimya, na kicheko kikatoka ukumbini, mstari wa nne, kiti cha katikati, kwenye kifua cha fundi miwani, na mkewe aliyekuwa amemshika mkono akausikia mkono ule ukiwa moto kama birika, akajaribu kuuachia, ukamshika yeye.

Meneja aliwasha taa. "Mkanda umeharibika," alisema. "Umeliwa. Ni... ni unyevu tu."

Fundi alikuwa analia, na uso wake ulikuwa unatabasamu.

Walikwenda moja kwa moja kwa Mama. Mama alifungua mlango, akamtazama mwanawe mara moja tu, akajishika ukuta.

"Umechukua pete yangu."

"Nisamehe, Mama."

"Kaa hapo. Usinitazame. Tazama kule." Akamgeuza yeye mwenyewe kwa mabega, uso ukutani, kisha akaenda kwenye simu. Mke wa fundi alimsikia anasema maneno machache tu: "Bi Poda? Ni mimi. Amerudi. Ndiyo, kwa mtoto."

Bi Poda alikuwa mpambaji wa picha zote kumi na moja. Ndiye aliyembandika mzee ndevu, akamchora macho, akamvika joho, na ndiye aliyemfuta jioni. Sasa alikuwa na miaka themanini na moja, mwembamba kama kijiti cha kiberiti, na alikuja na mkoba wa ngozi ambao hakuufungua kwanza. Alikaa nyuma ya fundi, akazungumza na kisogo chake.

"Siku ile ya ngazi, mwongozaji alikuwa anamtukana baba yako tangu asubuhi. Anataka kicheko, baba yako anatoa kikohozi. Jua limesimama, watu wana njaa. Baba yako akapanda ngazi, akasema kwa hasira, mwenye kicheko na aje acheke mwenyewe. Mimi nilikuwa chini na sanduku langu. Nilimwona alivyosimama pale katikati. Mwanangu, yule hakuwa baba yako. Yule unayemwona kwenye picha ya ngazi ni jini mwenyewe. Ndiyo maana akitokea huku, kule hayupo."

"Na picha nyingine?" aliuliza mke wa fundi kwa sauti ya kunong'ona.

"Alimzoea. Kila akivaa, anakuja. Mimi kila jioni nilikuwa namfuta. Kwa pamba na mafuta, na kumwita kwa jina lake la nyumbani mpaka aitike kwa sauti yake. Wakati mwingine mara moja tu, wakati mwingine saa nzima. Tukawa tunafanya hivyo kama kazi nyingine. Picha ya mwisho nililazwa hospitali. Wakamfuta harakaharaka, hakuna aliyemwita. Akaenda naye nyumbani." Bi Poda aliuweka mkoba magotini. "Nilipotoka hospitali nilikuja hapa na pamba yangu. Alikataa. Akaniambia, huyu jini ameshakaa sana, akitoka ataruka kwa aliye karibu, na aliye karibu ni mtoto wa miaka tisa anayenisubiri mlangoni nimwangalie. Akasema, huyu anaingilia machoni. Nitamtazamisha ukuta mpaka nife naye. Lakini jini hakufa naye; alibaki kwenye vile vitu, vikikutana anaamka."

Fundi, uso wake ukiwa umbali wa shibri moja kutoka ukutani, alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa.

"Miaka kumi na tisa," alisema.

"Miaka kumi na tisa," Mama akaitika. "Na mimi nilidhani amenichoka."

"Mfute sasa hivi!" mkewe alisema. "Unangoja nini?"

"Atoke aende wapi? Ndani ya chumba hiki mko watatu na mimi. Lazima apate pake pa kurudi, na pake ni pale ngazini. Mkanda lazima uwe unazunguka. Kesho wanaonyesha saa tisa. Nitamfuta kesho, nyuma ya jukwaa. Ukiisha, mkanda huo ni wangu."

*

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi kwenye njia. Watu mia sita, wengine wamekuja na wazazi wao waliotaka kuonyesha walivyoogopa zamani. Meneja, ambaye hakulala akitafuta fundi wa mikanda, alikuwa akitokwa na jasho la hofu na tamaa, akaamua kuonyesha hivyohivyo.

Chumba cha wasanii kilikuwa kidogo, kina kioo chenye balbu pembeni na kiti kimoja. Waliingia wanne. Kupitia ukutani walisikia watu wakitulia, mkanda ukaanza kulia. Bi Poda alifunika kioo kwa kanga, akamkalisha fundi, akatoa kopo la mafuta na fungu la pamba. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka njia nzima kwenye gari. Ilipogusa uso ilitulia.

Alianza na paji la uso. Fundi hakuwa amepakwa kitu chochote, lakini pamba ya kwanza ilitoka nyeusi. Ya pili pia. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa mpaka Mama akaziba pua kwa ukingo wa nguo.

Bi Poda alimwita kwa jina lake la nyumbani, lile la utotoni, ambalo Mama alikuwa amemnong'oneza.

Kilichoitika ni kicheko. Balbu mbili zikapasuka.

"Sikukuita wewe," alisema Bi Poda, akatupa pamba, akachukua nyingine. Akafuta mashavu, taya, akafuta chini ya macho ambayo hayakufumba hata mafuta yalipoingia. Akamwita mara ya pili.

Safari hii mdomo wa fundi ulifunguka taratibu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mzee, si ya yule wa kwenye picha, bali ya mtu aliyekuwa akiomba maji ya kunywa kutoka chumba cha nyuma. Mama alisogea karibu. "Ndiye," alisema. "Ee Mungu wangu, ndiyo sauti yake."

"Mwanangu," sauti ilisema. "Nilikuwa nakuona. Kila ulipoingia nilikiona kivuli chako ukutani, kilivyokuwa kinarefuka mwaka hadi mwaka. Nilikupenda kuliko macho yangu. Nilitaka kukwambia. Sasa nimepata mdomo wa kukwambia, na hawa wananifuta. Wazuie. Nikitoka hapa hutanisikia tena milele."

Fundi alikuwa ndani ya giza lake mwenyewe, mbali, kama mtu aliye chini ya kisima anayeona duara la mwanga juu, na sauti ile ilimfikia huko chini na kumjaa, kwa kuwa ni maneno yale yale aliyoyatengeneza mwenyewe kitandani tangu ana miaka tisa, neno kwa neno, akimpa baba yake ayaseme, na sasa yalikuwa yamesemwa, kwa sauti yenyewe, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, kukaa kimya asiitike akiitwa, na angeyasikia kila siku, asubuhi na jioni, mpaka azeeke. Upande wa pili wa ukuta muziki wa picha ulikata. Mwanamke wa kwenye picha alipiga ukelele. Watu mia sita walishusha pumzi pamoja, wakitazama ngazi tupu, na mtu mmoja akaanza kuzomea.

"Haraka, mwanangu," Bi Poda alinong'ona. "Ngazi zitakwisha."

Mdomo wa fundi ulijifunga, ukafunguka, ukapambana wenyewe kwa wenyewe kama mlango unaosukumwa pande mbili.

"Baba yangu," alisema, na kila neno lilimtoa jasho, "hakuniambia hivyo hata siku moja. Alinipa kisogo. Alinipa kisogo ili wewe usinione. Kile kisogo ndicho baba yangu. Wewe sikujui."

Bi Poda akamwita mara ya tatu.

"Naam, bibi," alisema fundi miwani, kwa sauti yake ndogo ya dukani, akapepesa macho, machozi na mafuta yakamtiririka hadi kidevuni. Pete ikateleza kidoleni, ikaanguka sakafuni. Na ukutani, upande wa pili, ukumbi mzima ulilipuka kwa mayowe, watu wakapanda juu ya viti, mtoto akalia, na juu ya sauti hizo zote, kutoka kwenye vipaza sauti, kikaja kicheko.

"Yuko kwake," alisema Bi Poda, akaketi chini kama mzigo uliotuliwa.

Picha ilipokwisha fundi alipanda jukwaani bila joho, shati limelowa. Watu walimshangilia kwa dakika nzima. Alisema kwamba amekuja kumheshimu baba yake, na kwamba baba yake hakuwa yule waliyemwona. Baba yake alikuwa mtu mwoga, aliyeogopa mende, ambaye alipata jambo la kuogopesha kweli akalikalia mlango peke yake miaka kumi na tisa ili lisimpite kumfikia mtoto. "Sijawahi kusikia ushujaa kama huo kwenye picha yoyote," alisema. Watu walicheka pale pa mende, wakapiga makofi, wakadhani ni mafumbo ya msanii.

Mkanda Bi Poda aliondoka nao mkobani. Meneja alilalamika hadi Mama alipomtazama. Joho, fimbo na pete vikaenda kila kimoja njia yake, mbali kuliko mwanzo, na kwenye chumba cha kumbukumbu, ndani ya kabati la kioo, fundi aliweka kalamu moja kuukuu. Wageni waliipita bila kusimama. Nyumbani alilala kama mtoto mchanga, siku nne.

Siku ya tano, asubuhi, akiwa anasaga lenzi, meneja alipiga simu akiwa na furaha ya kumwaga.

"Fundi, umeona? Mzee amefufuka! Watu walirekodi kwa simu zao, ile ya ngazi, akicheka. Wametumiana. Mpaka nchi ambazo hata sizijui. Leo asubuhi wamefika laki tatu waliomtazama."

Fundi alizima mashine. Alimpigia Bi Poda, akamweleza.

"Laki ngapi?" aliuliza Bi Poda.

"Tatu. Na wanaongezeka."

"Mwanangu," alisema yule bibi, "mimi nina mikono miwili tu, tena imezeeka." Akavuta pumzi. "Wewe yako mizima. Njoo leo, nikufundishe."

Alifunga duka saa sita mchana, akaenda. Alikwenda na kesho yake, na wiki nzima iliyofuata, akijifunza jinsi ya kushika pamba, wapi pa kuanzia, kwa nini lazima mtu aitwe kwa jina la nyumbani na si la karatasini. Bi Poda alikuwa bado anamwonyesha namna ya kuipita taya, alasiri moja tulivu, jua limejaa chumbani, pale mlango ulipogongwa. Fundi alikwenda kufungua. Alisimama mwanamke asiyemfahamu, vumbi la safari ndefu miguuni, amemshika mumewe kifundo cha mkono kama mtu anavyomshika mtoto barabarani, na nyuma yao, kwenye kibaraza na kushuka hadi getini, walikuwa wamepanga foleni wengine.

"Tumeambiwa hapa ndipo mnapofuta," alisema mwanamke.